Skafu ya rangi mbili inajikunja kingo, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Namfumia skafu mdogo wangu anayesoma Njombe, huko baridi ni kali. Nina nyuzi mbili za akriliki nilizonunua Kariakoo: nyeusi nene, na nyeupe ya maziwa nyembamba kidogo. Nikienda nafuma kawaida, nikirudi nafuma kinyume, na kila safu nabadilisha rangi. Kingo zinajikunja kama mkeka na nyuzi zinaning'inia pembeni. Nifumue, au nipige pasi? Tena ningependa skafu iwe na maua ya kuinuka ya rangi hizo mbili, yanafumwaje? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Fumua, dada. Na pasi iweke mbali kabisa. Akriliki ni jamaa ya plastiki. Ikipata moto inalegea, na ikishalegea hairudi hata uifue.

Kujikunja si kosa la mkono wako. Ufumaji wa kawaida kwenda na kinyume kurudi unaweka vitanzi vya sura moja mbele na vya sura nyingine nyuma, na pande hizo mbili hazivutani sawa. Ndiyo maana pembeni panajikunjia nyuma, juu na chini panajikunjia mbele. Fuma kawaida kwenda na kurudi. Utapata matuta pande zote mbili, na kitambaa kitatulia chenyewe.

Nyuzi za pembeni nazo zina sababu yake. Ukibadilisha rangi kila safu, uzi uliouacha unabaki upande wa pili, basi inabidi ukate. Fuma safu mbili kwa kila rangi: uzi unarudi ulikoanzia na unauokota hapo hapo. Kabla ya kubadilisha, pitisha uzi mmoja juu ya mwenzake mara moja, bila kuvuta. Ukivuta, ukingo huo utakuwa mfupi kuliko wa pili.

Sasa hayo maua ya kuinuka. Wengi hudhani lazima ushike rangi mbili kwa pamoja. Hapana, kila safu inatumia uzi mmoja tu. Anzisha vitanzi 31, au idadi yoyote isiyogawanyika kwa mbili. Kwa nyeusi, fuma safu mbili zote kawaida. Chukua nyeupe: fuma kitanzi kimoja, kinachofuata kihamishie sindano ya kulia bila kukifuma, fuma kimoja, hamisha kimoja, hadi mwisho. Ukirudi, fuma vile vyeupe na uhamishe tena vyeusi ulivyohamisha wakati wa kwenda. Rudi kwenye nyeusi, safu mbili nzima. Zamu ya pili ya nyeupe, anza kwa kufuma viwili ndipo uhamishe kimoja, ufume kimoja, na umalizie kwa kufuma viwili. Hapo vyeusi vinavyoinuka vitapishana na vya chini yake. Kisha unarudia hizo safu nane mpaka urefu ukuridhishe. Sentimita 150 hadi 180 zinatosha kuzungusha shingoni.

Palipo na mtego ni kwenye kuhamisha. Ingiza sindano kana kwamba unafuma kinyume, la sivyo kitanzi kitajipinda. Na uzi unaofumia ukae nyuma ya skafu kila mara: unapotazama mbele ya skafu, uzi uko upande wa pili; ukigeuza, unauleta upande wako kabla ya kuhamisha, kisha unaurudisha ili ufume. Ukisahau, utaona kijistari cheupe kimelala juu ya kitanzi cheusi.

Unene wa nyuzi zako usikutishe, tena unakufaa. Nyeusi ndiyo inayohamishwa, kwa hiyo ndiyo inayoinuka. Ila vitanzi vya kuhamishwa hukaza kitambaa, basi tumia sindano nene kwa saizi moja kuliko uliyozoea, na ufume kwanza kipande kidogo upime upana.

Nyeusi na maziwa zinaonana vizuri. Siku ukitaka rangi nyingine, zipige picha kwa simu kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zinazogombana dukani mara nyingi hutoka kijivu kimoja, na maua yatapotea.

Kwa joto letu la Dar mikono hutoka jasho na akriliki inakwama kwenye sindano za plastiki. Nawa mikono, kausha, kaa karibu na feni. Ukimaliza, loweka skafu kwenye maji ya baridi, ikamue ndani ya taulo, ilaze ikauke kivulini. Usiianike kwenye kamba, itarefuka.