Pakiti Kufungwa Si Hoja: Nilivyoisaka Ancient Mew ya Alama 10

Jumanne nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakuta bahasha imeegemezwa mlangoni. Niliijua kabla sijaiokota. Wiki saba nilikuwa naingojea, kila siku nafungua simu kuangalia mzigo umefika wapi. Ndani mlikuwa na kasha gumu la plastiki, ndani ya kasha Ancient Mew yangu, kadi ya Pokémon, wale viumbe wa katuni na michezo ya Kijapani, na juu yake lebo ya kampuni inayopima ubora wa kadi kwa alama 1 hadi 10: 8.

Nane! Nilikaa pale kwenye ngazi na koti langu la kazi, baridi ya Minnesota inanikata masikio, nikaitazama ile namba mpaka mke wangu akatoka akiniuliza kama kuna msiba nyumbani Tanga.

Jioni hiyohiyo kijana mmoja wa Mombasa, msomaji wangu wa siku nyingi, akaniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimepata mtu anauza Ancient Mew bado iko kwenye pakiti yake, haijawahi kufunguliwa. Anasema ni mpya kabisa. Nichukue?" Nikamjibu: "Marahaba mdogo wangu. Usitoe hela bado. Nipe siku mbili nikuandikie." Basi haya ndiyo majibu yake, na wengine mlio kwenye safari hii mtafaidika pia, maana najua sote tunataka kitu kimoja: kadi ya promosheni, yaani ya kugawiwa kama zawadi, isiyo na doa hata moja.

Nianze mbali kidogo. Baba alituleta Marekani nikiwa na miaka tisa. Julai 2000 ikaja sinema ya pili ya Pokémon, na kila aliyekata tiketi alipewa pakiti ndogo yenye kadi moja tu. Kadi yenyewe haikufanana na nyingine. Mbele inang'aa, nyuma inang'aa, na maandishi yake ni alama za kale ambazo hakuna mtoto aliyeweza kuzisoma. Niliichana pakiti kwa meno, gizani, kabla sinema haijaanza. Nikaisugua kadi kwenye shati ili ing'ae zaidi. Nikaitia mfuko wa nyuma wa suruali, nikaikalia saa moja na nusu. Siku ya pili yake mama akafua ile suruali.

Sasa fikirini watoto wote waliokuwa kwenye kumbi za sinema msimu ule. Wote walifanya nilichofanya mimi. Ndiyo maana kadi hii si adimu hata kidogo, zimetapakaa, lakini ukitaka moja iliyo safi pembe zote nne utahangaika kama mimi. Kadi za kawaida zilinunuliwa dukani na watu waliojua wananunua nini, na baadhi yao walikuwa na albamu tayari. Promosheni ilitolewa bure, mkononi mwa mtoto mwenye bisi. Kitu cha bure nani anakitunza?

Na si sinema peke yake. Huko Japani promosheni za kwanza kabisa, kadi za Pikachu na Jigglypuff za mwaka 1996, zilitoka ndani ya jarida la CoroCoro. Kadi inayosafiri ndani ya jarida la watoto inabanwa, inapinda na jarida, halafu inatolewa na mtoto mwenye haraka. Mwaka 2021 McDonald's hapa Marekani walitoa pakiti za kadi nne nne kwenye chakula cha watoto, kuadhimisha miaka 25 ya Pokémon. Nilimnunulia binti yangu. Alipofika nyumbani Pikachu wake alikuwa na alama ya kidole gumba yenye mafuta ya chipsi, katikati ya tumbo, na mpaka leo ukiielekeza kadi dirishani unaiona.

Mtu ambaye hajaingia kwenye mambo haya ataniuliza, kuna tofauti gani kati ya 9 na 10? Ipo! Logan Paul, yule Mmarekani maarufu wa YouTube, alipoitaka Pikachu Illustrator ya alama 10, kadi ya Pokémon iliyo adimu sana, aliipata Dubai mwaka 2021 kwa kutoa Illustrator yake ya alama 9, iliyohesabiwa dola milioni 1.275, na kuongeza dola milioni 4 taslimu. Mchoro ni uleule. Zilitolewa 39 kwa washindi wa mashindano ya uchoraji ya CoroCoro, na iliyopata 10 kwa PSA, kampuni ya kupima kadi, ilikuwa ni hiyo moja tu. Milioni nne zile zililipia pembe na kingo.

Mimi sina milioni nne. Nilikuwa na dola 270 za kazi ya ziada ya Desemba, nikanunua pakiti sita za Ancient Mew zilizofungwa, zote kwa muuzaji mmoja wa jimbo jingine aliyeniapia kwamba zimekaa kwenye droo tangu siku ya sinema. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Nilizifungua Jumapili asubuhi, watoto wamelala. Nilifuta meza ya jikoni mara mbili, nikanawa mikono nikaikausha vizuri, nikaweka taa ya kusomea pembeni. Nilikata kila pakiti kwa mkasi, ukingoni kabisa, polepole, nikaisukuma kadi itoke yenyewe. Ya kwanza pembe ya juu ilikuwa imebonyezwa na mshono wa pakiti. Yaani pakiti yenyewe ndiyo iliyoiumiza! Ya pili ina mstari mwembamba umekatiza usoni, kama mtu kapitisha sindano. Ya tatu na ya nne kingo zimechubuka, ile rangi imetoka weupe ukatokeza. Ya tano haikuguswa na mtu, lakini picha imekaa upande, pambizo la kushoto nene na la kulia jembamba. Hilo ni kosa la kiwandani, halina dawa.

Ya sita ilipotoka nilishusha pumzi. Pembe nne kali. Uso kama maji ya bahari asubuhi. Nilimwamsha mke wangu aje aone. Niliitia kwenye kifuko laini, nikaiweka katikati ya vipande viwili vya plastiki ngumu, nikaituma. Moyoni nilishaandika 10.

Jumanne usiku, baada ya hasira kupoa, niliwasha tochi ya simu nikailaza pembeni mwa kasha, nikageuza mgongo wa kadi. Nikakiona. Kibonyeo kimoja, kidogo kuliko punje ya ulezi, karibu na ukingo wa chini. Ukiitazama kadi moja kwa moja hukioni. Ukiilaza kwenye mwanga kinatoa kivuli. Miezi miwili nilikuwa nayo ile kadi, nikaipiga picha za mbele zaidi ya arobaini, na mgongo sikuwahi kuumulika hata mara moja. Inaniuma. Nasema kweli, inaniuma mpaka leo ninapoandika.

Kwa hiyo sikilizeni. Geuza kadi. Anayekuuzia akikutumia picha ya mbele tu, mwambie ageuze. Akituma ya nyuma, mwambie ailaze kwenye mwanga, arekodi video fupi huku akiinamisha kadi taratibu. Mtu mwenye kadi nzuri haoni taabu. Anayesema simu yake mbovu, anayesema ana wateja wengine wanangoja, mwache aende na wateja wake.

Na pakiti iliyofungwa usiipende kupita kiasi. Nimeshasema na nasema tena: kufungwa maana yake hujui kilichomo. Umenunua fumbo. Kadi iliyo wazi unaweza kuikagua, na iliyokwisha kupimwa unaona namba yake. Vijana wengi wananiandikia wakijisifu wana pakiti tano, kumi. Ndugu zangu, unajisifia karatasi la nje? Tumezoea kukimbilia vitu kwa sababu mtu kasema "mpya", hatushiki, hatugeuzi, halafu tunalia kwamba tumeibiwa. Mwili wa kadi una sehemu nne za kukagua, yaani pembe, kingo, uso na jinsi picha ilivyokaa katikati, na zote nne zina mbele na nyuma. Nyuma! Mkiwa na haraka ya kununua, mtamaliza mishahara kwenye alama nane kama mimi.

Kwa wenzangu wa pwani kuna hili pia. Kadi zinazong'aa zina tabaka la karatasi na tabaka la kung'aa, na hayo mawili hayapatani na hewa. Karatasi inanywa unyevu, lile jingine halinywi, kadi inapinda. Hapa kwetu wakati wa baridi hita zinakausha nyumba, kadi nilizoziacha mezani zinajikunja kama jani la mgomba linaloanza kunyauka. Mombasa na Tanga tatizo ni kinyume chake, hewa imejaa maji mwaka mzima. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, tia vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, na usikiweke karibu na dirisha. Shangazi yangu Tanga ananihifadhia kadi chache kwenye kopo la biskuti namna hiyo, na zimenyooka kuliko zangu.

Kijana wa Mombasa ameniandikia tena asubuhi hii. Yule wa pakiti amekasirika alipoulizwa ilihifadhiwa wapi, akakata mawasiliano. Lakini kapata mwingine, kadi iko wazi, bei yake nusu, na mwenyewe katuma video ya mbele na nyuma bila kulalamika. Nimeitazama mara nne kwenye skrini kubwa. Uso mzuri, mgongo mzuri, picha imekaa sawa. Pembe ya chini kushoto sina uhakika nayo, kuna kitu cheupe pale, yaweza kuwa vumbi, yaweza kuwa mchubuko. Nimemwambia aombe picha ya pembe hiyo peke yake, tochi ikiwa imelazwa, na asitume hata shilingi mpaka aipate.