Château Latour: majibu ya maswali yenu

Nimeletewa zawadi ya chupa ya "Louis Latour". Ndiyo ile Château Latour ya mamia ya yuro?

Hapana. Louis Latour ni nyumba ya mvinyo ya Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Mvinyo wake mwingi ni mzuri, lakini haihusiani na shamba la mvinyo la Château Latour. Château Latour iko Pauillac, kaskazini mwa Bordeaux, karibu na mlango wa mto Gironde. Lebo yake ina mnara wenye simba juu na maneno "Grand Vin de Château Latour". Tangu zao la 1966 shamba hutoa pia mvinyo wa pili, Les Forts de Latour, na upo wa tatu uitwao Pauillac. Anayeanza tungemshauri aanze na Les Forts: watengenezaji ni wale wale, na huwahi kunyweka.

Bei yote hiyo ni ya nini? Si zabibu tu?

Cheo kinachangia: mwaka 1855 Latour iliwekwa daraja la kwanza la mvinyo mwekundu wa Médoc, eneo la Bordeaux ilipo Pauillac. Ila chanzo hasa ni ardhi. Mvinyo mkuu hutoka kwenye mizabibu mikongwe ya l'Enclos, kipande cha takribani hekta 47 kinachozunguka jumba. Juu kuna kokoto nzito zinazopitisha maji haraka. Chini kuna udongo wa mfinyanzi unaotunza unyevu wakati wa kiangazi. Mizizi inalazimika kushuka. Mto nao hupunguza makali ya baridi ya usiku, hivyo jalidi haiumizi machipukizi kama inavyoyaumiza mashamba ya ndani. Zabibu aina ya Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva, hupata hapo kila inachohitaji, na ndiyo inayotawala mchanganyiko, Merlot ikifuata kwa mbali. Baada ya kuchacha, mvinyo hulazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni ya lita 225.

Ni kweli Latour haiuzwi tena ikiwa bado kwenye pipa?

Kweli. Bordeaux kuna desturi ya kulipia mvinyo miezi michache baada ya mavuno na kuipata chupa takribani miaka miwili baadaye. Latour ilijitoa mwaka 2012. Zao la 2011 likawa la mwisho kuuzwa hivyo. Sasa chupa hukaa kwenye ghala la shamba hadi wenyewe waone umefika wakati. Utalipa zaidi, lakini unajua ilikolala.

Nina chupa ya 2005, naishi Mombasa. Niiweke wapi?

Si kabatini. Kwenye nyuzi 30 mvinyo hutanuka, husukuma kizibo na kuvuja, kisha hewa huingia. Kinachofaa ni friji ya mvinyo: nyuzi 12 hadi 14, giza, chupa imelala ili kizibo kisikauke. Friji ya jikoni ni ya wiki chache tu. Ubaridi wake mkavu hukausha kizibo.

Nitaifunguaje bila kuiharibu?

Isimamishe siku nzima, mashapo yatue. Kata karatasi yote ya shingoni, futa mdomo, kisha ingiza kizibuo taratibu. Weka tochi chini ya shingo, mimina kwenye jagi la kioo kwa mkupuo mmoja bila kusita, na uache mara uonapo uzi mweusi ukipanda shingoni. Mvinyo wa 2005 bado una tanini kali (ukakasi utokanao na maganda ya zabibu), hivyo uache upumue saa 3 au 4. Wa miaka 50 usiusubirishe. Harufu yake hupotea upesi. Mimina ukiwa nyuzi 17 hivi: "joto la chumba" la Wafaransa si la pwani yetu. Kizibo kikivunjika, kisukume ndani na uchuje kwa kitambaa cha pamba kisicho na harufu ya sabuni. Ukinusa karatasi iliyolowa na kuvunda, kizibo kimeuambukiza mvinyo na hakuna dawa. Tunza chupa na kizibo, umrudishie muuzaji.