Kabla ya Kushika Sindano: Kwa Unayetaka Kuwa Msaidizi wa Daktari wa Mifugo Nairobi

Vijana wanaonijia kuuliza kuhusu kazi hii huanza na dawa. Wanataka kujua sindano gani inatibu nini, chupa gani ya agroveti ina nguvu zaidi, na ng'ombe aliyekataa kula achomwe nini. Nawaelewa, maana hata mwenye mfugo akikuita hutaka kuona sindano kabla hajatoa pesa. Lakini ningepewa nafasi ya kumfundisha mtu jambo moja tu kabla hajaingia kliniki, ningemwambia amjue kwanza mnyama asiyeumwa. Akae naye, ampapase, amhesabie pumzi, amtazame akila na akilala, mpaka afya iwe kitu anachokijua kwa macho na kwa vidole. Hapo ugonjwa hautaweza kujificha kwake.

Nairobi ni mahali pazuri pa kujifunza hilo. Asubuhi unaweza kuwa Karen ukimchanja mbwa wa ulinzi, mchana uko Dagoretti katika zizi la ng'ombe wawili wa maziwa, na jioni umeletewa paka aliyeanguka kutoka ghorofani Kilimani. Mbuzi wanavuka barabara Eastleigh, nguruwe na kuku wamejaa Ruai na Njiru. Kuna hata ugonjwa wa kondoo na mbuzi unaobeba jina la mji huu, uliotambuliwa hapa mwaka 1910 na unaoenezwa na kupe yule yule wa kahawia anayeleta ndigana kali kwa ng'ombe. Mtu asikuambie kwamba kazi ya mifugo ni ya mashambani tu.

Namba chache lazima zikae kichwani. Joto la ng'ombe wa maziwa aliye mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3, la mbuzi hufika 39.7 bila tatizo lolote, la paka ni kati ya 38.1 na 39.2, na la mbwa liko karibu na hapo. Anayewapima kwa kipimo cha binadamu, cha nyuzi 37, ataona homa kila mahali. Mbwa aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 10 na 30 kwa dakika. Paka anayehema kwa mdomo wazi ni dharura, hata kama mwenyewe anasema "amechoka na safari tu". Ufizi uwe wa waridi, na ukiubonyeza kwa kidole ukawa mweupe, rangi irudi kabla sekunde 2 hazijaisha. Ufizi mweupe wa mbwa wa Nairobi unanifanya nitafute kupe, wanaoeneza magonjwa ya damu, masikioni na katikati ya vidole, nimwambie daktari, kisha nitoe tone la damu tulitazame kwenye darubini. Ukiwa wa manjano, navaa glavu mara moja, kwa sababu ugonjwa wa mkojo wa panya unaweza kuwa ndio huo, nao unampata binadamu.

Ng'ombe ana lugha yake. Pua yake iwe na unyevu, masikio yawe na joto, na awe anacheua. Weka ngumi kwenye lile shimo la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, utulie. Utasikia tumbo kubwa likijisukuma, mara moja au mbili kwa dakika. Tumbo lililonyamaza lina habari. Lililojaa gesi mpaka shimo lile limegeuka kilima lina habari ya haraka zaidi.

Nitoe mfano, kwa sababu hapa ndipo kipimajoto kinapoushinda uvumi. Mama mmoja wa Dagoretti alinipigia simu kwamba ng'ombe wake aliyezaa usiku amekataa kusimama, na jirani amemshauri amchome dawa ya ndigana haraka. Nilipofika dawa ilikuwa tayari mkononi. Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza nimpime." Joto lilikuwa chini ya nyuzi 38. Masikio baridi, shingo imekunjwa kuelekea ubavuni, hakuna tezi iliyovimba chini ya sikio. Ndigana kali hupandisha joto hadi 40 na zaidi, na tezi hizo huvimba. Huyu alikuwa amepungukiwa na kalisiamu, ile wanayoita homa ya maziwa ingawa haina homa. Nilimpigia daktari simu, nikamsomea vipimo kimoja kimoja, akanielekeza. Chupa ya kalisiamu tuliipasha kwenye karai la maji ya uvuguvugu, nikaiingiza mshipani polepole huku stethoskopu iko kifuani, kwa maana kalisiamu ikikimbizwa inaweza kuusimamisha moyo. Mnyama akatetemeka, akabeua, akatoa kinyesi, na baada ya muda akasimama. "Daktari, kumbe ilikuwa dawa nyingine kabisa!" mama akasema.

Kuuliza maswali ni ujuzi sawa na kuchoma sindano. Katika nyumba nyingi za Runda, Lavington au Kileleshwa, anayemleta mbwa siye anayemlisha. Mwenye nyumba atakuambia mbwa "ameanza kuumwa leo". Mwulize kwa heshima kama unaweza kuzungumza na askari wa getini au dada wa kazi. Askari ndiye anayejua kwamba mbwa alitapika juzi usiku, kwamba kuna sumu ya panya iliyowekwa stoo, kwamba alipewa mifupa ya kuku Jumapili. Nimeona ugonjwa ukieleweka kwa sentensi moja ya askari ambaye hakuna aliyemwuliza kitu. Yaandike aliyokuambia, pamoja na saa.

Kumshika mnyama hufundishwa haraka vyuoni, na ni makosa. Mnyama aliyeshikwa vibaya anaumia, anakuumiza, na moyo wake unakimbia kiasi kwamba vipimo vyako havina maana tena. Mbwa mwendee kwa ubavu, usimkodolee macho, mwache akunuse. Ukihitaji kumfunga mdomo, bandeji laini inatosha, lakini si kwa mbwa wa pua fupi, ambaye anahema kwa shida hata akiwa huru. Paka mfunike kwa taulo, punguza kelele, funga mlango na madirisha kabla hujafungua kikapu chake. Ng'ombe mfunge kamba ya kichwa, simama karibu na bega, na usikae mahali ambapo nyuma yako ni ukuta.

Hesabu ya dozi ndiyo inayowatisha wengi, ingawa ni ya shule ya msingi. Uzito zidisha kwa miligramu zilizoelekezwa kwa kila kilo, kisha gawanya kwa miligramu zilizomo ndani ya mililita moja. Mtego uko kwenye asilimia. Dawa ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa kila mililita. Mbwa wa kilo 12 anayepaswa kupata miligramu 5 kwa kilo anahitaji miligramu 60, yaani mililita 0.6. Anayesoma asilimia 10 kama miligramu 10 atavuta mililita 6, mara kumi zaidi, na kuna dawa ambazo kosa hilo halirudishwi nyuma. Kwa hiyo pima uzito, usikisie: mbwa mbebe, panda naye kwenye mizani ya bafuni kisha utoe uzito wako, ng'ombe mzungushie kifuani utepe wa kupimia uzito. Na katika kliniki yoyote nzuri, mtu wa pili huikagua hesabu kabla dawa haijaingia mwilini. Usione haya kumwomba mwenzako.

Sindano ya ng'ombe ichomwe shingoni, isiharibu nyama ya paja. Ya mbwa isikaribie nyuma ya paja, kuna mshipa mkubwa wa fahamu pale unaoweza kumlemaza. Vuta bomba kidogo kabla ya kusukuma, uone kama damu inaingia, kwa sababu kuna penisilini za msulini zinazoua zikiingia mshipani. Paka usimpe panado, wala dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini. Chanjo zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na Nairobi ambako stima hupotea, kipimajoto cha friji kisomwe asubuhi na jioni na kuandikwa.

Na maziwa! Hapa sina mzaha. Ng'ombe akichomwa antibayotiki, maziwa yake yanapita kwa mchuuzi au kwenye ATM ya maziwa ya mtaani, ile mashine ya kuuzia maziwa, na kutoka hapo hadi kikombe cha mtoto. Lebo ya dawa inataja siku ambazo maziwa hayapaswi kuuzwa. Mwambie mwenye ng'ombe siku hizo kwa kinywa, umwandikie, na uhakikishe ameelewa tarehe ya kuanza kuuza tena. Inamuuma mfukoni, najua, na baadhi watakuomba unyamaze. Usinyamaze.

Chumba cha upasuaji ndicho mahali ninapopenda zaidi, na ndipo msaidizi mzuri anapoonekana. Daktari anapomfunga uzazi mbwa jike, macho yake yako tumboni. Wewe ndiwe unayekilinda kifua kinachopanda na kushuka. Kila baada ya dakika 5 andika pumzi, mapigo, rangi ya ufizi na joto. Macho hayafumbi chini ya nusukaputi, yapake malhamu yasikauke. Mpashe joto, hasa mbwa mdogo na paka. Mrija wa pumzi uliowekwa kooni usiondolewe mpaka aanze kumeza. Ukiona pumzi zinapungua, sema kwa sauti wakati huo huo. Usingoje uwe na hakika. Daktari anayekukasirikia kwa kumwambia mapema hafai kufuatwa.

Kuhusu masomo: Kabete ndiko wengi wetu tulikoanzia, kwenye taasisi ya mafunzo ya afya ya wanyama inayojulikana kama AHITI, ambayo ina ndugu zake Ndomba na Nyahururu. Kuna cheti na diploma. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha madaktari wenyewe huko huko Kabete ya Juu. Ukihitimu, jisajili na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kama inavyotaka sheria ya 2011, na ufanye kazi chini ya daktari aliyesajiliwa. Kabla ya kulipa karo yoyote, thibitisha na bodi kwamba chuo hicho kinatambuliwa. Na kama bado uko nyumbani baada ya Kidato cha Nne, omba kujitolea kliniki. Utaosha vibanda, utafua taulo, na utakuwa na wanyama mbele yako kutwa, wagonjwa na wazima.

La mwisho ni mwili wako. Usiguse zalio wala kitoto kilichotupwa na mbuzi bila glavu, kwa sababu brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata binadamu pia, huingia kwenye kamkwaruzo kadogo tu. Mnyama aliyekufa ghafla akitoka damu nyeusi isiyoganda, usimpasue. Huenda ni kimeta, na vijidudu vyake vikipata hewa hutengeneza mbegu zinazokaa udongoni miaka mingi. Piga ripoti kwa ofisi ya mifugo na uwazuie watu wasigawane nyama. Kabla ya siku yako ya kwanza kazini, omba chanjo ya kinga ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 ukitazama saa, si kwa kukisia. Mbwa afungwe na kuangaliwa siku 10. Akifa, kichwa chake kipelekwe maabara kuu ya mifugo Kabete. Na wewe nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri siku 10 zikupe jibu, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima kabisa.