Maswali ya upanga: mkono mzito au mkono mjuzi?

Shikamoo mwalimu. Kaka yangu anapasulia kuni mtaa mzima kwa shoka. Akipewa upanga, nani atamsogelea? (Kongwa)

Marahaba. Gogo halikwepi, ndugu yangu. Kaka yako akiinua shoka, kifua chote kiko wazi na kuni imetulia inamsubiri. Mtu hasubiri. Tena upanga si mzito kama wengi wanavyodhani: ule wa mikono miwili wa Ulaya ulikuwa na kilo 1 na nusu hivi, katana ya Japani hukaribia kilo 1. Kuuinua kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kuusimamisha pigo likikosa. Kijana mmoja, mbeba mizigo pale soko la Majengo, nilimpa fimbo ya mpingo anipige. Ilipita karibu na pua yangu, nikausikia upepo wake, kisha ikamzungusha mwenyewe mpaka nikaona kisogo chake. Nikamgusa shingoni kwa kidole.

Kwa hiyo nguvu haina kazi? (Kondoa)

Inayo, na anayekufundisha kuidharau anakudanganya. Kule Satsuma, kusini mwa Japani, Togo Shigekata alianzisha shule ya Jigen-ryu. Mwanafunzi hupiga nguzo ya mti kwa upanga wa mbao, maelfu ya mapigo, akipiga ukelele, ili pigo la kwanza limalize kazi. Watu huiita nguvu tupu. Mimi naona ufundi uliopunguzwa mpaka likabaki jambo moja, nalo likakolea mkononi.

Kama una shaka, simama buchani asubuhi. Mkataji mzoefu hainui panga juu. Anapapasa kiungo kwa kidole gumba, anaweka makali palepale, panga linashuka kidogo tu, mguu wa ng'ombe unaachana. Msaidizi wake mgeni ndiye anayelowa jasho, na nyama yake imejaa vipande vya mfupa. Yule mzoefu ana nguvu pia, ila anajua pa kuipeleka.

Na sime ya Mmaasai? (Msalato)

Bapa lake hupanuka kuelekea ncha, uzito ukakaa mbele. Mhunzi amekwisha kukuwekea sehemu ya nguvu.

Musashi alishinda kwa lipi? (Mpwapwa)

Miyamoto Musashi (1584–1645), bingwa wa upanga wa Japani, alipigana kwa panga mbili, moja kila mkono, na hilo halifanywi na kifundo legevu. Lakini tazama pambano lake na Sasaki Kojiro kisiwani Ganryujima mwaka 1612. Kojiro alisifika kwa upanga mrefu. Inasimuliwa kwamba Musashi alichelewa makusudi, akaja na upanga wa mbao aliouchonga kwenye kasia, mrefu kuliko wa mwenzake. Alikuwa amepima umbali kabla hajashuka mtumbwini. Kwangu mimi hapo ndipo penye ubingwa.

Binti yangu ana miaka 12, mwembamba. Aanze? (Chang'ombe)

Aanze, mama, tena mapema. Ngumi na judo hugawa wachezaji kwa uzito. Mchezo wa upanga wa Olimpiki haugawi, na wanawake wamo tangu 1924. Upanga wa foili, mmojawapo wa panga za mchezo huo, hauzidi gramu 500. Mwezi wa kwanza usimnunulie chochote. Mchoree mstari wa chaki uani, aende mbele na kurudi nyuma juu yake, magoti yamekunjwa, miguu isigongane. Siku atakayosimama mbele ya mwenzake, hata kwa fimbo, awe amevaa kinga ya uso.