Maswali na majibu: Ufungue mlisho wako kwanza

Safari hii nimechagua maswali yanayohusu tovuti za mkusanyo, zile zinazovuta makala kutoka blogu za wachangiaji wa mradi wa programu huria na kuzipanga kwenye ukurasa mmoja: Planet Debian, Planet GNOME, Planet KDE na nyingine za aina hiyo. Mlisho ni faili la makala zako linalosomwa na mashine, la aina ya RSS au Atom; zaidi ya hapo sielezi tena.

Nimewapa wasimamizi anwani ya blogu yangu, wakanijibu kwamba huo si mlisho. Wanataka nini?

Wanataka mlisho. Wewe umewapa ukurasa wa mwanzo, kama walivyofanya wenzako wote walioniandikia swali hilihili. Fungua blogu yako, tazama msimbo wa ukurasa, tafuta mstari wenye rel="alternate". Anwani iliyo kwenye href ya mstari huo ndiyo ya kutuma.

Lakini kabla hujaituma, ifungue uone kilichomo. Watu wanaandika blogu miaka na miaka bila kuutazama mlisho wao hata mara moja, na huo mlisho ndio kitu pekee ambacho tovuti ya mkusanyo inakiona kutoka kwao. Ukiufungua utakuta mambo: makala yenye tarehe ya mwaka 1970, picha zenye anwani nusunusu zisizoonekana nje ya tovuti yako, au alama ya & iliyoachwa uchi kwenye kichwa cha makala. Hiyo & peke yake inaiharibu XML, lugha ambayo mlisho umeandikwa nayo, na kisomaji kikali (programu ya kusomea milisho) kitaukataa mlisho mzima. Kuna vikaguzi vya bure mtandaoni vitakavyokuonyesha mpaka mstari wenye kosa. Vitumie.

Nitume mlisho wote, au makala zinazohusu mradi tu? Mimi naandika pia kuhusu siasa na malezi.

Inategemea unaingia nyumba ya nani. Planet GNOME tangu zamani imejieleza kuwa dirisha la kutazamia kazi na maisha ya wachangiaji, kwa hiyo habari za mtoto wako hazimshtui mtu. Kwingine wanataka mradi tu, basi. Soma kanuni zao. Mara nyingi ni aya mbili tatu.

Ukiniuliza mimi, tuma mlisho wa lebo moja. WordPress inakutengenezea mlisho wa kila kategoria: weka /feed/ mwishoni mwa anwani ya kategoria hiyo. Programu nyingi za kurasa tuli, zile zinazotengeneza kurasa zote mapema, nazo zinaweza, ingawa huenda ukalazimika kugusa mipangilio. Faida yake ni kwamba uamuzi unabaki mikononi mwako. Makala ukiipa lebo inakwenda, usipoipa inabaki nyumbani. Wanaotuma kila kitu huishia kujizuia kuandika wanachotaka kwenye blogu yao wenyewe kwa kuogopa wasomaji wa mradi, na hapo ndipo blogu nyingi nzuri zimenyamazia.

Na kama umeanza kumwachia akili mnemba ikuandikie makala ili jina lako lisipotee kwenye ukurasa, afadhali lipotee. Hukuniuliza, najua.

Nilihamisha blogu kwenda programu nyingine. Kesho yake ukurasa wa mkusanyo ukajaa makala zangu za zamani, watu wakanijia juu. Mimi sikugusa chochote kwao!

Wewe hukugusa, mlisho wako umegusa. Kila makala ndani ya mlisho ina kitambulisho: kwenye RSS ni guid, kwenye Atom ni id. Mashine haiitambui makala kwa maneno yake, inaitambua kwa kitambulisho hicho. Programu yako ya zamani iliandika kitu kama https://example.org/?p=214, hii mpya inaandika https://example.org/kuhusu-git/. Wewe unaona makala ileile, mashine inaona nyingine kabisa, na kila anayefuatilia mkusanyo kwa kisomaji chake analetewa upya. Hata kuhama kutoka http kwenda https kunaweza kuleta balaa hilo, kama kitambulisho kinatungwa kutokana na anwani. Herufi moja tu.

Sasa, kilichozipandisha juu ya ukurasa pengine ni tarehe. Programu nyingi za kurasa tuli, zikikosa tarehe kwenye faili, huchukua ya siku ya kuhamisha au kutengeneza upya. Makala ya miaka kumi iliyopita inazaliwa leo.

Hili si jambo la kubishania. RFC 4287, waraka wa Desemba 2005 unaoweka kanuni za Atom, unasema id ya makala isibadilike hata makala ikihamishwa. Kwa hiyo, anayetaka kuhama afanye hivi: abebe vitambulisho vya zamani na kuviandika kwenye kila makala ya zamani. Akishindwa, mlisho mpya uanze na makala za baada ya kuhama tu, za zamani zisiwemo kabisa. Na awaarifu wasimamizi kabla, wausimamishe mlisho wake hadi mambo yatulie. Kuomba radhi baadaye hakuziondoi makala ambazo zimeshaingia kwenye visomaji vya watu.

Kwa nini video niliyoipachika haionekani kwenye mkusanyo?

Kwa sababu hati za JavaScript na vipachiko vinakwanguliwa, na vizuri hivyo: ukurasa mmoja unabeba watu wengi, na msimbo wa mmoja wao ungeendeshwa juu ya makala za wote. Weka kiungo.

Mimi ni mwanaprogramu. Programu inayoendesha mkusanyo wetu ni ya zamani sana. Naomba ushauri, niiandike upya kwa lugha ya kisasa?

Nilijua utakuja. Huwa anakuja mmoja kila baada ya muda.

Uzee wake sibishi. Programu ya awali ya Planet, ya Jeff Waugh na Scott James Remnant, na Venus ya Sam Ruby iliyotokana nayo, ziliandikwa kwa Python 2, na Python 2 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 1 Januari 2020. Kuziacha ni sawa. Ila usidhani ile mistari ya ajabuajabu uliyoikuta humo ni uchafu. Mingi ipo kwa sababu mlisho fulani ulikuja na tarehe isiyosomeka, au ulijitangaza UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) na haukuwa UTF-8. feedparser, maktaba iliyoanzishwa na Mark Pilgrim, ina maelfu ya majaribio kwa sababu hiyohiyo. Ukiandika upya, tumia maktaba iliyokwisha kuumwa na nyoka hao, wala usianze na kisomaji chako cha XML. Pia hakikisha programu yako inatuma ETag na Last-Modified (alama za toleo na tarehe ya mabadiliko) ilizopewa mara ya mwisho, ili seva ambayo haina jipya ijibu 304, yaani hakuna kilichobadilika, na kunyamaza. Mkusanyo unaopakua milisho mizima kila nusu saa ni kero kwa wenye seva ndogo.

Lakini kama kweli unataka kusaidia, kuna kazi ambayo hakuna anayeigombea: kusafisha orodha ya milisho. Pitia milisho yote. Inayojibu 301 (imehama), badilisha anwani. Inayojibu 410 (imeondolewa kabisa), iondoe. Inayojibu 404 (haipatikani), ipe muda, inaweza kuwa ajali. Zaidi ya yote, tafuta vikoa (majina ya tovuti) vilivyokwisha muda. Vikoa hivyo hununuliwa na wachuuzi wa kamari, na mlisho ukirudi hewani, tovuti ya mradi inatangaza kasino chini ya jina na picha ya mchangiaji ambaye huenda alishafariki. Mlisho wa marehemu usifutwe kwa pupa, ila kikoa chake kiangaliwe kwa jicho kali.

RSS si ilishakufa?

Google ilifunga Reader, kisomaji chake cha milisho, tarehe 1 Julai 2013. Podikasti unazosikiliza leo bado zinasafiri kwa RSS.

Naruhusiwa kuandika kwa Kiswahili?

Kwenye blogu yako huhitaji ruhusa ya mtu. Kwenye mkusanyo, ukurasa mkuu mara nyingi ni wa Kiingereza, na lugha nyingine huwekewa kurasa zake. Planet Debian inazo, Kihispania na Kifaransa zikiwemo. Kama Kiswahili hakina ukurasa, usiulize kama unaruhusiwa. Tafuta wachangiaji wenzako wanaokiandika, mpeleke ombi la ukurasa mkiwa na milisho mkononi. Orodha yenye milisho hai ina uzito kuliko barua ndefu ya malalamiko. Na kila mlisho utaje lugha yake, sw.

Nilituma ombi la kuongeza blogu siku tatu zilizopita. Kimya. Nifanye nini?

Subiri, ni watu wa kujitolea. Wakati unasubiri, lifungue ombi lako mwenyewe. Ulitakiwa kuongeza mistari miwili kwenye faili la orodha ya milisho: anwani ya mlisho kwenye mabano ya mraba na jina lako chini yake, mahali pake kwenye orodha. Kama kihariri chako kimefuta nafasi mwishoni mwa kila mstari na ombi linaonyesha umegusa faili zima, umeshajua kwa nini hakuna aliyelifungua mara ya pili.