Mwanangu, kuhusu kile chumba cheusi

Mwanangu,

Barua yako imenifikia, na nimeisoma mara mbili kwa sababu swali lako silo nililolizoea. Watu wakijua kwamba baba yako ni Mwashi Huru, Freemason kama wengi mnavyotuita, huniuliza habari za damu, pesa na majini. Wewe umeuliza jingine: huko lojini, yaani kwenye tawi la chama chetu mnakokutania, mkiambiwa mtafakari, mnatafakari nini hasa? Kuna tofauti gani na wewe unayekaa kila asubuhi ukifuata pumzi zako kwa kuongozwa na programu ya simu? Na je, mtu anaweza kuyapata hayo bila kujiunga?

Usihofu kwamba unanivunjisha kiapo. Samuel Prichard alichapisha taratibu za loji mjini London mwaka 1730, na baada yake wamechapisha wengi. Nilichoahidi kutosema ni ishara na maneno ya kutambulishana. Nayo yamo vitabuni vilevile, lakini ahadi ni ahadi.

Nianze na chumba, maana ndicho ulichokitaja. Katika loji zenye desturi ya Kifaransa, anayeingia huwekwa kwanza peke yake katika chumba cha kutafakari. Loji za Kiingereza kwa kawaida hazina chumba hicho. Changu kilikuwa kidogo, kuta nyeusi, mshumaa mmoja. Kabla ya kuingia unavuliwa kila kitu cha metali: sarafu, pete, funguo, saa. Mezani kuna fuvu la kichwa, mkate, maji, chumvi, salfa na saa ya mchanga. Ukutani kumechorwa jogoo na herufi VITRIOL, kifupisho cha maneno ya Kilatini ya wanaalkemia, wale wasomi wa kale waliotaka kugeuza metali kuwa dhahabu, yanayomtaka mtu azuru ndani ya ardhi na kujirekebisha mpaka alipate jiwe lililofichika. Kando yake kuna onyo: kama kilichokuleta ni udadisi mtupu, ondoka. Onyo hilo nalipenda kuliko VITRIOL, kwa kuwa halihitaji kufafanuliwa.

Wanaosikia habari za chumba hicho hukwama kwenye fuvu. Mimi naona fuvu ndiyo sehemu nyepesi. Kaa nalo kitambo, litakuwa kifaa cha mezani kama vingine. Kinachombana mtu ni karatasi. Unapewa kalamu na maswali matatu, ambayo maneno yake hutofautiana kidogo loji kwa loji: mtu ana wajibu gani kwa Mungu, kwa nafsi yake, na kwa binadamu wenzake? Kisha unaandika wasia. Si wasia wa shamba na nyumba. Ni wa yale ambayo ungependa yabaki kama ungekufa usiku huo. Saa huna, mchanga unateremka, na hakuna wa kumuuliza. Sentensi za kwanza huwa nzuri sana, zile ambazo mtu angetaka zisomwe mazishini kwake. Zikiisha hizo, karatasi bado iko wazi, na hapo ndipo mtu huanza kuandika kweli. Kwenye swali la nafsi yangu niliandika kwamba nadaiwa ukweli. Nikalifuta neno hilo, nikaandika "usingizi", nikacheka peke yangu gizani, na nikaliacha. Karatasi ilisomwa lojini, kisha ikachomwa.

Sasa tofauti uliyouliza. Kwa ulivyonieleza, programu yako inakuambia wazo likija uliache lipite. Kule unaambiwa ulishike, ulitazame, na ulitolee jibu lako kwa maandishi. Sidhani kwamba njia moja inaifuta nyingine. Ila ukija kwetu ukitafuta utulivu wa moyo tu, huenda ukaondoka na mashaka zaidi ya uliyoingia nayo.

Chumba ni cha siku moja. Kinachoendelea ni vifaa. Mwanafunzi wa daraja la kwanza hukabidhiwa rula ya inchi 24, nyundo na patasi, na huonyeshwa jiwe ghafi lililowekwa ukumbini, akaambiwa hilo ndilo yeye. Inchi 24 ni saa za siku. Vitabu vya loji za Marekani huzigawa nane nane: ibada na kumfaa mwenye shida, kazi, kisha mapumziko na usingizi. Hesabu hiyo sijawahi kuipatia, na nina shaka kama aliyeitunga aliipatia. Lakini jioni ukiulizwa inchi zimekwenda wapi, huwezi kujibu kwamba leo nilikuwa na shughuli nyingi. Lazima utaje shughuli ipi, na ya nani.

Halafu kuna kunyamaza. Hili ndilo lililonibadilisha kuliko fuvu na rula. Katika loji za desturi yetu, mwanafunzi haongei kikaoni mpaka apandishwe daraja. Anakaa upande wa kaskazini, anasikiliza. Unamfahamu baba yako: nilikuwa mtu wa kumalizia watu sentensi zao. Mwanzoni kila hoja iliyotolewa niliipikia jibu kali, na jibu likapoa kwa kukosa pa kutokea. Baada ya kupoa mengi, nikaanza kuona kwamba karibu yote yalikuwa ya kunipamba mimi, hayakuwa na cha kumjibu aliyesema. Hata ukisharuhusiwa kuongea, unaomba nafasi kupitia msimamizi wa safu yako, unasimama, na maneno yako unamwelekezea mwenyekiti tu. Kumrukia mwenzako huwezi. Ningetamani mikutano ya ukoo iendeshwe hivyo, hasa ile ya kugawana urithi.

Umeniuliza pia kwa woga kidogo kama hiyo ni dini. Loji nyingi humtaka mtu amwamini Mungu, nazo humtaja kuwa Msanifu Mkuu wa Ulimwengu. Grand Orient ya Ufaransa, shirika linaloziunganisha loji nyingi za huko, iliondoa sharti hilo mwaka 1877. Sakramenti hatuna, wala hatumwahidi mtu wokovu. Hata hivyo Papa Klementi XII aliwakataza Wakatoliki kujiunga mwaka 1738, na mwaka 1983 Roma ilisema tena kwamba katazo lingalipo. Anayekuambia mambo hayo yamekwisha hajasoma. Kama dhamiri yako iko huko, ifuate, na mimi sitanuna.

Wala usidhani taratibu hizi zinamchonga mtu zenyewe. Wapo ndugu wanaokariri kila neno bila kukosea, na wakifika nyumbani hawasemezeki. Kukariri ni kazi ngumu, na mtu anaweza kujificha humo miaka.

Kuhusu kujiunga: wanawake wengi huambiwa mlango umefungwa kabisa, na katika loji za kwetu ni kweli. Lakini Le Droit Humain, jumuiya nyingine ya Waashi Huru iliyoanzishwa Paris mwaka 1893, hupokea wanawake na wanaume sawa. Bila kujiunga pia unaweza kuanza. Zima simu, uiweke chumba kingine, uyajibu yale maswali matatu kwa kalamu. Anza na la pili, kwa sababu la kwanza huwapa watu nafasi ya kuhubiri. Usinitumie majibu.

Na yule rafiki yako aliyeandikiwa kwamba akilipa ada kwa simu ataingizwa na kutajirika ndani ya wiki, mwambie asitume hata senti. Hao ni matapeli. Loji ya kweli haimfuati mtu kwenye simu kumwahidi utajiri. Huketi naye, ikamhoji, ikapiga kura, na anaweza kukataliwa. Kama ameshatuma, aende polisi na zile jumbe asizifute.

Baba yako