Kesi ya matikiti ya Texas: usihangaike na uzembe wa reli

Kwa anayeanza kazi ya madai ya mizigo ya reli Marekani: ukipokea barua ya reli inayosema "hatukuzembea, dai limekataliwa", usinywee, wala usianze kusaka uzembe. Soma kwanza kesi ya Missouri Pacific (kampuni ya reli) dhidi ya Elmore & Stahl, hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1964.

Behewa la matikiti ya honeydew lilitoka Rio Grande City, Texas, kwenda Chicago. Jopo la raia lilikubali kwamba yalipakiwa yakiwa mazuri, yakafika yameharibika, na reli haikuzembea. Ungedhani reli imeshinda. Ilishindwa, kwa sababu haikuthibitisha kwamba ubovu ule ulitokana na asili ya matikiti peke yake.

Chini ya Marekebisho ya Carmack ya 1906, yaani sheria ya Marekani kuhusu dhima ya msafirishaji kwa mzigo, mwenye mzigo huthibitisha mambo 3: hali nzuri ulipopakiwa, uharibifu ulipofika, na kiasi cha hasara. Akimaliza, kibarua kinahamia kwa reli. Ni lazima ionyeshe kwamba haikuzembea, na pia kwamba chanzo ni kudra ya Mungu, adui wa taifa, kosa la mwenye mzigo, amri ya serikali, au asili ya bidhaa. Reli ilitaka mazao yanayooza yawe na kanuni yake; mahakama ikakataa, kwa sababu yaliyotokea njiani anayajua msafirishaji.

Madai mengi hufia kwenye lile jambo la kwanza. Hati ya shehena ikisema "hali nzuri kwa mwonekano", inazungumzia kile tu karani alichoweza kukiona. Behewa likishafungwa lakiri, hati hiyo haisemi lolote kuhusu ndani ya tunda. Tafuta cheti cha ukaguzi cha siku ya kupakia, chenye joto lililopimwa ndani ya tunda, si la hewa ya behewa.

Mzigo ukifika, ita mkaguzi siku hiyohiyo. Ukichelewa siku 5, reli itasema mzigo umeozea ghalani kwako. Kwenye stakabadhi usiandike "mzigo mbovu". Andika "makasha 40, ukungu kwenye kikonyo". Yanayouzika yauze, utunze risiti: hasara kwa kawaida ni bei ya soko la mahali ulipofika, ukitoa ulichopata.

Dai liandikwe, litaje kiasi. Reli hairuhusiwi kukuwekea chini ya miezi 9 ya kudai, wala chini ya miaka 2 ya kushtaki tangu ikukatalie kwa maandishi.

Ila angalia mzigo ulianzia wapi. Kahawa iliyopakiwa Mombasa kwa hati moja hadi Chicago haimo ndani ya Carmack, kwa hukumu ya Kawasaki dhidi ya Regal-Beloit ya 2010. Hapo mara nyingi inatumika sheria ya mizigo ya baharini, na muda wa kushtaki ni mwaka 1.